Herufi Zilizokua Chini ya Kidole

Siku mliponiaga mlinipa blanketi, chupa ya chai na hotuba saba. Blanketi ninalo, chupa inatumika, hotuba nimezisahau zote isipokuwa ombi la Mwalimu Nyaboke kwamba nikae chini niwaandikie kazi yenyewe ilikuwaje. Sasa nimekaa. Cheo nilichostaafu nacho mnakijua, na mshahara mnaujua kuliko mimi, maana ninyi ndio mliokuwa mkiulalamikia kwa sauti. Nitaandika juu ya kusoma. Kwa miaka thelathini na mitatu kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza na la pili kusoma, na ilinichukua ishirini na minne kati ya hiyo kujua kusoma ni nini.

Nilipofika shuleni kwetu, hapa kwenye vilima vya chai juu ya Roret, kulikuwa na madarasa manne ya mbao na moja la mawe. Mwalimu mkuu wa wakati huo aliniangalia, kijana mrefu mwenye tai, akanipeleka darasa la kwanza. Nilidhani ananiadhibu kwa ajili ya tai. Siku zile mwanamume kufundisha darasa la kwanza ilikuwa kama kumkuta amekaa kwenye mkutano wa kina mama, na walimu wa kike walikuja dirishani mmoja mmoja kunitazama nikifunga kamba za viatu vya watoto. Mmoja wao hakucheka. Alikuwa Mama Taprandich, mwalimu mzee wa darasa la kwanza, na ndiye aliyenifundisha kazi.

"Mwalimu wa darasa la kwanza haketi," aliniambia. "Ukiona kiti, hicho ni cha mgeni."

Alinionyesha jinsi ya kukata herufi kutoka kwa katoni za sabuni, na jinsi ya kufundisha hesabu kwa vifuniko vya soda bila nusu yake kuishia mifukoni mwa watoto. Jambo lake kubwa lilikuwa udongo. Mvua ikishaanuka, uwanja wa nyuma ya darasa hubaki mwororo, mwekundu, na Mama Taprandich alikuwa akiwatoa watoto wote nje, kila mmoja achore herufi kubwa kama sahani kwa kidole chake. Kidole kikishajua, alisema, kichwa kitafuata. Nililiendeleza hilo miaka yote, na nawaomba msiliache, hata kama sare zitachafuka na wazazi watakuja kuuliza.

Vitabu vilikuwa kimoja kwa watoto watano. Walikizunguka kama wanaoota moto, na wale waliokaa upande wa juu walijifunza kusoma herufi zikiwa zimepinduka. Ukimpa mmoja wao kitabu chake peke yake, alikigeuza kwanza ndipo akasoma vizuri kabisa. Yupo ambaye leo ni fundi wa magari na bado anageuza gazeti.

Chombo changu mimi kilikuwa sauti. Nilisoma mstari, wakarudia; nikasoma, wakarudia; na waliopita barabarani walisimama kusikiliza. Adui yangu alikuwa mvua. Mnajua huku kwetu: saa nane inakuja, inapiga mabati, na mwalimu anabaki kufungua mdomo kama samaki. Saa hizo niliandika ubaoni, wakanakili. Kitabu, ubao na sauti: kwangu hiyo ndiyo ilikuwa kusoma, na mtu aliyetaka kuongeza kitu cha nne nilimwona mvivu.

Kisha serikali ikatuletea vile vifaa ambavyo kamusi inaviita vishikwambi na sisi tuliviita tableti. Mwalimu mkuu aliweka mlango wa chuma kwenye stoo, na mimi, mkubwa wa madarasa ya chini, nikapewa ufunguo. Niliuvaa shingoni kwa uzi. Sisi watu wa huku tuna adabu zetu kwa vitu vizuri. Kila nyumba ina vikombe vya kabatini ambavyo mtoto hukua, huoa na kuondoka bila kuvinywea, kwa sababu ni vya wageni. Basi walimu wa kike walifuma vitambaa, kila tableti na chake, vya manjano vyenye ukingo wa kijani, kama vile tunavyovisha runinga. Kila Ijumaa tulizitoa, tukazipangusa, tukazitia chaji, tukazivisha, tukazifungia. Mwaka mzima hakuna hata moja iliyovunjika, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeigusa. Nilijiona mtunzaji hodari.

Mwaka huo ndipo Nyaboke alipokuja, moja kwa moja kutoka chuoni. Wazazi wake walitoka upande wa Kisii kuja kuchuna majani chai kwenye mashamba makubwa, na yeye amezaliwa huku huku. Ijumaa yake ya pili alinikuta na kitambaa mkononi.

"Mwalimu, si tuwape watoto tu?"

"Kusoma ni kitabu," nikamwambia. "Hiyo ni sinema."

"Na mbona wewe huandiki na mkaa kama wazee wa zamani?"

Aliuliza kwa adabu, lakini aliuliza. Nikafunga mlango wa chuma.

Sasa nifike kwa Cherotich. Alikuwa darasa la pili, akilelewa na nyanya yake, mjane mwenye kashamba kadogo ka chai ambaye sisi sote tulimwita Kogo, neno letu la nyanya. Kwetu, mtoto akikutana na mtu mzima humwendea, huinamisha kichwa, na mtu mzima humwekea mkono utosini. Watoto wa siku hizi huinamisha kidogo wakiwa mbali na kukimbia. Cherotich alikuja karibu kabisa, karibu mpaka unahisi pumzi yake, ndipo akainama. Walimu wote tulimsifu. Nilikuwa nikimtolea mfano kwenye mkutano wa wazazi.

Na kusoma, ndiye aliyekuwa bora. Nilimsimamisha mbele, akakishika kitabu karibu na uso, akaongoza darasa zima bila kukosea. Kasoro yake ilikuwa moja: alasiri, mvua ikipiga mabati na wenzake wakinakili ubaoni, yeye alilaza kichwa kwenye dawati. Niliamua ni uchovu wa kuchuna chai alfajiri. Nikamwandikia Kogo barua kali kidogo, kwamba mtoto apumzishwe asije akaharibikiwa na masomo, nikampa Cherotich aipeleke. Baada ya siku mbili Kogo aliniletea kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyolala, na nikafurahi kuona mzazi anayepokea ushauri kwa moyo mzuri hivyo.

Muhula wa pili afisa wa elimu alikuja kukagua. Aliomba msomaji, nikamtoa Cherotich kama mtu anayetoa ng'ombe wake bora kwenye maonyesho. Afisa hakutumia kitabu chetu. Alitoa kingine mkobani, kipya, akakifungua penye picha ya kuku na vifaranga. Cherotich akakishika karibu na uso, akaanza kwa sauti yake nzuri: "Ng'ombe wetu ana pembe mbili. Baba humkama asubuhi." Ulikuwa ukurasa wetu wa kumi na moja. Afisa alimwacha akaufikisha mwisho.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa nisomee kilichoandikwa hapa."

Cherotich akakisogeza kitabu mpaka kikagusa pua. Wenzake walianza kucheka, afisa naye akacheka kidogo, na mimi nikafanya jambo baya kuliko kicheko. Nilisema mbele ya wote: "Cherotich, miaka miwili unanidanganya?" Alikifunga kitabu, akamrudishia afisa kwa mikono miwili, akaketi. Kesho yake hakuja shuleni. Wiki nzima hakuja.

Jumamosi nilishuka kwa Kogo. Nilijiambia naenda kumwonya mzazi, lakini kusema kweli nilikuwa na aibu na nilitaka iishe. Shamba lao linateremka hadi kijitoni, na nyanya na mjukuu walikuwa katikati ya mistari wakichuna. Nilisimama mwisho wa mstari wa Cherotich, hatua kama tano. Mikono yake ilikuwa ikienda upesi, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, bila kuchukua jani gumu hata moja, na uso wake ulikuwa umeelekea juu kwenye mlima. Akageuka, akanitazama, akaendelea kuchuna. Mtoto yule ambaye hajawahi kuacha kunisalimia. Nikajua amenikasirikia.

Nikakohoa. "Chamgei, Kogo," nikasalimia.

Cherotich alishtuka. Akaacha kikapu, akaja karibu, karibu mpaka paji la uso likakaribia kugusa sweta yangu, ndipo akanijua, akainamisha kichwa. Nikamwekea mkono utosini na mkono wangu ukabaki pale. Hajawahi kuniona, nilijiambia. Miaka miwili mtoto huyu anakuja karibu ili ajue ni nani, na sisi tunamsifu kwa heshima.

"Huyo anajua mtu na sauti," Kogo alisema. "Ako hivyo tangu mdogo. Mimi nilifikiri ni haya."

"Na ile barua yangu, Kogo, nani alikusomea?"

"Si ni yeye. Mimi hapana jua kusoma. Alisema umeandika anashinda wote, nikakuletea maziwa."

Sikujua nicheke au nilie. Cherotich alikuwa ameshika upindo wa kitambaa cha nyanya yake. Aliongea chini chini, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Mwalimu, mimi sikudanganya. Nilifikiri kusoma ndiyo hiyo."

Ndugu zangu, nimekaguliwa mara nyingi kazini, lakini sijawahi kukaguliwa hivyo. Alisema kweli. Nilichokuwa nikifundisha kila siku, na barabara nzima ikisimama kusikiliza, ni kurudia. Aliyekuwa na macho alichukua herufi njiani bila msaada wangu mkubwa. Asiye nayo alichukua sauti yangu, akanirudishia, nami nikampigia makofi.

Nilimwomba Kogo amrudishe Jumatatu. Kogo alitikisa kichwa. Alisema shule imemcheka mtoto, na chai haicheki mtu. Mikono yake inajua kazi, atakaa hapa. Nilimwambia kuna njia, ingawa sikuijua.

"Sawa, lete hiyo njia hapa nione," alisema. "Lakini ukimchukua achekwe tena, Mwalimu, mimi na wewe hatutasalimiana."

Mnajua uzito wa neno hilo katika kijiji ambacho mtakutana kila siku ya soko mpaka mmoja azikwe. Nilipanda kile kilima nikijua kwamba nisipopata kitu, mtoto huyo amemaliza shule akiwa na miaka minane.

Jumatatu nilimweleza Nyaboke kila kitu. Nilitegemea anihurumie. Yeye aliuliza, "Herufi anazijua lakini?" Nikafikiri. Za udongoni alizijua, tena vizuri. Kila mara tulipochora nje, kidole chake hakikukosea. "Basi shida ni saizi tu," akasema. "Mwalimu, twende na tableti."

"Leo si Ijumaa."

"Na ufunguo si uko shingoni?"

Mwalimu mkuu alikuwa kwenye mkutano mjini Litein. Sikuomba ruhusa, ninyi ombeni. Tulitoa moja, pamoja na kitambaa chake kwa sababu niliona haya kuitoa uchi, tukaifunga ndani ya mfuko wa mbolea kwa ajili ya mvua, na tukateremka.

Kogo alituketisha karibu na moto, akaanza kumimina chai. Nyaboke aliiwasha ile mashine, akaiweka kwenye mapaja ya Cherotich. Cherotich akaisogeza usoni mpaka kioo kikashika ukungu wa pumzi yake, akaishusha. Haoni. Nyaboke akainama kando yake. Hakufungua kitabu chochote ambacho mtoto angekuwa amekikariri. Aliandika neno yeye mwenyewe, kisha akaweka vidole viwili kwenye kioo na kuvitenganisha.

Nilikuwa nimepangusa mashine hizo mwaka mzima, na sikujua zinafanya hivyo. Herufi iliinuka. Ilinenepa, ikapanuka, ikajaza kioo chote, nyeusi, safi, kubwa kama sahani. Cherotich akaisogelea tena. Aliweka kidole kwenye mguu wa ile herufi na kuufuata juu, kama alivyofanya udongoni, na herufi ikasogea chini ya kidole chake, ikaja nyingine. Akarudi nyuma, akaangalia tena ya kwanza. Hakuna aliyemsomea. Hakuna sauti ya kurudia. Tulisikia tu mvua ikianza juu ya mabati.

"Ko," akasema. Akasogeza. "Go. Kogo."

"Nini?" akaitika nyanya yake, birika mkononi.

"Sikuiti, Kogo. Nasoma."

Kogo aliweka birika chini. Alikuja akainama juu ya bega la mjukuu wake, akaitazama mashine. "Mimi niko huko ndani?" aliuliza, na Cherotich akasema ndiyo, akamwonyesha alipoanzia na alipoishia. Nilitoka nje nikasimama mvuani. Nimekaa makanisani tangu utoto, nimesikia mengi juu ya macho kufunguliwa, na nakiri nilikuwa nikiyasikiliza kama habari za watu wengine. Siku hiyo niliogopa. Niliogopa kwa furaha, kama mtu aliyesogezwa karibu na kitu kikubwa ambacho hakukistahili.

Alirudi shuleni Jumatano. Nilisimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba siku ile afisa alipokuja, aliyekosea nilikuwa mimi, na watoto wakatazamana kwa sababu hawajawahi kusikia jambo kama hilo. Mwalimu mkuu nilimwambia baadaye. Alitazama mlango wake wa chuma kwa huzuni, akakubali. Vitambaa vilirudi kwa wenyewe kufunikia vikombe. Daktari wa macho alisema ni macho aliyozaliwa nayo, akampa miwani iliyomfikisha nusu ya njia, na nusu nyingine alikwenda kwa vidole viwili. Alasiri za mvua, nikiwa siwezi kusikika, niliwaona watoto watano wamekizunguka kioo kimoja, na huyo aliyekuwa akilala ndiye anayekuza herufi. Tableti mbili zilivunjika muhula huo. Niliandika ripoti, na mbingu haikuanguka.

Cherotich sasa yuko sekondari. Likizo iliyopita alikuja kunisalimia na simu inayopiga picha ukurasa na kuusoma sikioni mwake. Ukaidi wangu haujaisha wote, nikamuuliza hiyo ni kusoma ama kusomewa. "Niulize kitu kwa huo ukurasa," akasema. Nikamuuliza maswali matatu, akayajibu. Akaniuliza la nne, nikalikosa. Kwa hiyo leo mtu akiniuliza kusoma ni nini, nasema ni maana ya mwingine kukufikia mpaka uweze kubishana nayo, na ipite kwa udongo, kwa karatasi, kwa kioo au kwa sikio, njia ni njia. Kila nikimwona na simu hiyo nashangaa upya.

Lakini furaha hiyo ilikuja na deni la moyo. Usiku wa kuamkia kustaafu sikuhitaji kufungua madaftari ya zamani, majina nayajua. Kulikuwa na watoto nilioandika kando ya majina yao neno moja, "mzito". Niliwarudisha darasa mara moja, mara ya pili, kisha wakaacha kuja, na sikuteremka kilima chochote kuwafuata. Sijui ni wangapi walikuwa wazito kweli. Hili ndilo ninalowaachia: kabla hamjaandika neno hilo, tokeni na mtoto nje, msimame hatua tano, mnyamaze, muone kama atawajua.

Mmoja wao ni Kipngeno. Nilimrudisha darasa la kwanza mara tatu, miaka yangu ya mwanzo. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na mwezi uliopita nilimkuta kituo cha majani chai, kikapu mgongoni, akija kunisalimia kama kawaida yake, karibu sana. Watu hucheka kwamba Kipngeno hujui kama anakusalimia au anataka kukunong'oneza. Nilimwomba asimame. Nikatoa simu yangu, nikaandika herufi a, nikaikuza kwa vidole viwili mpaka ikajaza kioo, nikampa.

Aliishika kwa mikono yote miwili, akaileta puani. Wenzake walipita na mizigo yao, mmoja akamwita, hakuitika.

"Mwalimu," akasema, "kumbe hii ndiyo ilikuwa pale kwa ubao?"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo iliyokuwa pale.

"Mimi nilikuwa naona vumbi ya chaki tu." Akateremsha kikapu mgongoni, akakiweka chini, akaniuliza herufi inayofuata inaitwaje.